Umeme ukirudi saa nane za usiku: mwongozo wa kulala vizuri Lubumbashi

Saa 8 za usiku taa iliyo juu ya kitanda inawaka yenyewe. Televisheni ya sebuleni inaendelea na kwaya iliyokatizwa jioni, friji inanguruma, na nyuma ya ukuta mama jirani anaita watoto wake: “Moto umerudi! Lete pasi!” Dakika tano hazijapita, robine (bomba la maji) ya uani inaanza kukohoa, maji yanapiga ngoma kwenye bidoni (madumu) tupu, na watu wote wa lupango, yaani ua mzima, wako macho. Ukirudi kulala saa 10 shukuru. Saa 12 mtoto anatakiwa awe amevaa yunifomu.

Nimeishi hivyo karibu miaka miwili, hapa Lubumbashi, Kongo (DRC). Mashauri niliyokuwa nikiyasoma yalimfaa mtu mwenye chumba chake peke yake, mapazia mazito, na umeme ambao anauzima yeye mwenyewe. Sisi wa mitaa ya hapa kama Katuba, Kenya na Ruashi, usiku wetu una wenyewe: una delestaji (umeme kukatwa kwa zamu), una baa, una kanisa, una kilio cha msiba wa jirani. Nilipoacha kupigana na usiku nikaanza kuishika asubuhi, ndipo mambo yalianza kubadilika. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mwisho. (Saa ninazotaja ni za Kiswahili. Saa 12 ya asubuhi ni ile sita ya Kifaransa, tusije tukakosana.)

Shika saa ya kuamka

Chagua saa moja ya kuamka na uishike siku zote saba, pamoja na Jumapili. Saa ya kulala usihangaike nayo kwanza, maana haiko mikononi mwako: unaweza kupanda kitandani saa 3 na usingizi ukaja saa 6. Kusimama asubuhi unaweza, hata kama ni kwa kununa.

Mwili una saa yake, iko ndani ya ubongo nyuma ya macho, na kwa watu wengi inakwenda polepole kidogo kuliko saa 24 za siku. Kila siku inahitaji kurekebishwa, na kinachoirekebisha zaidi ni mwanga wa asubuhi. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kufumbua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli. Waliichunguza kwa vijinzi vya matunda, vile vinavyozunguka ndizi zilizoiva sana.

Kwa mwanga huo, sisi tumebarikiwa. Kuna nchi ambako kipupwe kikija watu wanakwenda kazini gizani. Hapa jua linachomoza kati ya saa 11 na nusu na saa 12 na nusu mwaka mzima. Basi ukiamka toka nje. Piga mswaki uani, fagia, washa mbabula (jiko la mkaa), tembea hadi kwa muuza mikate. Dakika ishirini zinatosha kuanzia. Hata siku ya mawingu ya Januari, mwanga wa nje unaishinda mbali taa ya ndani.

Jaribu lenyewe ni baada ya usiku mbaya. Utataka kulala hadi saa 3 asubuhi, ujilipe. Usijilipe. Uchovu unaojikusanya mchana kutwa ndio mtaji wa kununulia usingizi wa usiku unaofuata, na aliyelala hadi saa 3 amekula mtaji. Macho yakikataa kabisa mchana, sinzia dakika ishirini, ikizidi sana nusu saa, kabla ya saa 9 alasiri, na simu ikuamshe.

Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kwa usiku. Kijana wa sekondari anahitaji nane hadi kumi, na mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji tisa hadi kumi na mbili. Kwa hiyo, na hapa najua nitawaudhi baadhi ya wazazi, mtoto wa miaka kumi si wa kuamshwa saa 8 za usiku ateke maji.

Jioni, zima hata kisichowaka

Kosa langu lilikuwa dogo la kuchekesha. Umeme ukikatika saa 1 jioni tulikuwa tunawasha taa ya sola, tunakula, tunalala. Hakuna aliyekumbuka kwamba swichi zote zimebaki zimewashwa. Umeme ulipokuwa unarudi, nyumba nzima ilikuwa inaamka kama mtu aliyemwagiwa maji.

Sasa kila jioni kuna mzunguko, na unafanywa gizani, kwa tochi. Swichi ya kila chumba cha kulala: zima. Televisheni na redio: chomoa kabisa, maana umeme unaorudi kwa nguvu unaunguza vyombo. Acha swichi moja tu, ya jikoni au ya korido, mahali ambapo mwanga wake haufiki kitandani. Hiyo ni ya mtu wa zamu.

Maji ya usiku yanatekwa kwa zamu: mtu mzima mmoja, usiku mmoja, na wengine hawaamki hata kama robine inaimba. Kwetu majina yamebandikwa mlangoni. Jumatatu na Alhamisi ni zangu, yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) ana zake, mke wangu zake, na aliyekesha na bidoni ana haki ya kusinzia mchana bila kuulizwa. Mambo mawili yalipunguza kelele kabisa. Bidoni zinapangwa karibu na robine kabla ya kulala, zisiburutwe usiku. Na kipande cha mpira wa maji kinaingizwa hadi chini kabisa ya bidoni, maji yakapanda kimyakimya badala ya kupiga ngoma. Mpira wenyewe ni kipande cha mita moja na nusu tulichokuta kimetupwa nyuma ya choo. Sijui kwa nini ilituchukua miaka miwili kukifikiria.

Nguo tunazipiga pasi ya makala (mkaa) Jumapili mchana, nje, za wiki nzima. Pasi ya saa 8 za usiku imekwisha.

Kuhusu simu, watu wanasema sana juu ya mwanga wake, na ni kweli mwanga unaudanganya ubongo kwamba bado ni mchana. Lakini kilichokuwa kinanifukuza mimi usingizi ni kikundi cha familia, ambako kuna shemeji yuko Montréal, na kwake wakati sisi tunalala bado ni jioni, ana maneno. Iweke simu ichajiwe sebuleni. Kama ndiyo inayokuamsha asubuhi, bado utaisikia, na itakulazimisha usimame kwenda kuizima.

Joto la Oktoba, baridi ya Juni

Usingizi unakuja mwili unapopoa. Joto la ndani linashuka kidogo kila jioni, na ngozi ya mikono na miguu inapata joto kwa sababu damu inalitoa nje. Ndiyo maana kuoga maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala kunasaidia: damu inakuja kwenye ngozi, ukitoka bafuni joto linaondoka, mwili unapoa. Wazee wetu waliochemsha maji ya kuoga kila jioni hawakuhitaji kuelezwa haya.

Mji wetu uko juu, mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni na Julai unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Hapo vaa soksi. Miguu ya baridi inachelewesha usingizi, na soksi ni dawa rahisi kuliko zote nilizojaribu. Jaza maji ya moto, yasiyochemka, kwenye chupa ya mpira au chupa nyingine ngumu inayofungwa vizuri, ifunge kwa kitambaa, iweke chini ya bulangeti upande wa miguu nusu saa kabla. Na kama mnalala wawili au watatu, kila mtu awe na bulangeti lake. Vita vya kuvutana bulangeti moja vinaamsha watu wengi kuliko baridi yenyewe.

Mbabula isiingie chumbani. Najua inaingia, nimelala katika nyumba ambako iliingia. Makala yakishakuwa mekundu bila moshi, watu wanadhani hatari imekwisha, kumbe ndipo hatari inapojificha: yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haisikii, haamki, na dirisha lililoachwa wazi kidole kimoja si kinga. Ikiwa mtu ameamka na kichwa kinamuuma, anatapika, anayumba, na chumbani kuna makala, mtoe nje kwanza kwenye hewa, kisha hospitali.

Oktoba ni kinyume. Mijakaranda inachanua, na bati linakunywa jua mchana kutwa. Plafoni (dari) yoyote, hata ya mbao nyembamba, inapunguza moto unaoshuka. Madirisha yafunguliwe mara tu nje panapopoa kuliko ndani. Watu wanafunga kwa kuogopa wezi, na siwalaumu, ila dirisha lenye antivoli (nondo) ya chuma na wavu wa mbu linaweza kubaki wazi usiku. Kama pesa ni ya dirisha moja tu, anza na la chumba wanacholala watoto. Kabla ya kulala jipanguse kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, usijikaushe sana.

Chandarua watu wanakivua Oktoba wakisema kinaleta joto. Mbu wa malaria anauma usiku, na homa ya malaria itakunyima usingizi wa wiki nzima. Kifunge juu zaidi, kiwe kipana kama hema, hewa ipite. Kikiwa kipya na kinawasha macho, kitandaze kivulini siku moja kabla ya kukitumia.

Ukiona madoa madogo ya damu kwenye shuka, au mistari ya kuumwa mikononi, ni kunguni, na hakuna shauri la usingizi litakalofanya kazi kabla hawajaondoka. Toa kitanda nje, mwagia maji yanayochemka kwenye kila ungio na ufa wa mbao, chemsha shuka, rudia baada ya wiki kwa sababu ya mayai. Dawa za shambani usizinyunyize kwenye godoro.

Tumbo, kikombe na chupa

Bukari (ugali) la saa 4 za usiku linalala juu yako. Najua kwa nini tunakula saa hizo: mama amerudi sokoni saa 1, makala yamelowa, sombe (majani ya muhogo) haliivi kwa dakika kumi. Ikiwezekana, mlo mzito uwe mchana na usiku kidogo. Ikishindikana, kaa wima saa mbili kabla ya kulala, na ukisikia tindikali inapanda kooni, lalia ubavu wa kushoto.

Kahawa, chai ya rangi, soda ya koka, vinywaji vya nguvu vya kwenye kopo, na kola ile ya kutafuna ambayo walinzi wanaipenda, vyote vina kafeini. Baada ya saa tano hivi nusu yake bado iko mwilini, kwa wengine zaidi. Mwisho wa kuvinywa uwe saa 8 mchana, uone baada ya wiki.

Bia mbili zinalaza haraka, hilo halibishiwi. Tatizo liko nusu ya pili ya usiku: pombe ikishachujwa mwilini usingizi unakatikakatika, mkojo unakuita, na unaamka saa 9 moyo unadunda. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, ni hivyo hivyo, ila kwa nguvu zaidi.

Usingizi ukikataa: kibao na kaye

Hapa ndipo nilipona, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sheria ya kwanza inaonekana ya ajabu. Ukiona umegaagaa kama dakika ishirini (kisia tu, usitazame saa), ondoka kitandani. Kitanda kinachozoea kukuona macho kinageuka ofisi ya mawazo: karo, kodi ya nyumba, bosi. Mwanasaikolojia wa Marekani Richard Bootzin alilieleza hilo mwaka 1972, na shauri lake halijazeeka. Kitanda kiwe cha kulala na cha mambo ya mume na mke, basi. Mwenye chumba kimoja atauliza aende wapi. Mimi nina kibao karibu na mlango. Nakaa pale, taa ndogo, nachambua maharage ya kesho au nasoma Zaburi. Macho yakianza kuuma narudi. Yakikataa tena, nasimama tena. Usiku wa kwanza nilisimama mara nne, na maharage yaliisha.

Sheria ya pili inataka kaye (daftari) ya mtoto na peni. Wiki mbili, kila asubuhi, andika mambo matatu: saa ulizopanda kitandani, saa ulizosimama, na saa unazodhani ulilala kweli. Mfano wangu: nilikuwa napanda saa 3 usiku na kusimama saa 12, yaani saa tisa kitandani, na ndani yake nilikuwa nalala tano na nusu. Saa tatu na nusu za kugaagaa kila usiku!

Dawa yake, iliyoandikwa na Arthur Spielman na wenzake mwaka 1987, ni kukipunguza kitanda. Saa ya kuamka ilibaki 12. Saa ya kupanda niliisogeza hadi saa 6 usiku: saa sita tu kitandani. Wiki ya kwanza nilitembea kama mlevi. Wiki ya pili usingizi ulianza kunikuta nimekaa, na nikipanda naanguka fofofo. Ukishalala sehemu kubwa ya muda huo (mimi nilihesabu saa tano na kidogo kati ya sita) kwa wiki moja, ongeza robo saa: panda saa 6 kasorobo. Wiki nyingine, robo tena. Usishuke chini ya saa tano na nusu kitandani. Na njia hii isijaribiwe peke yake na anayeendesha teksi, pikipiki au mashine ya mgodini, wala mwenye kifafa, wala mwenye ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka mno (bipola). Hao waende kwa daktari.

Mambo haya yote pamoja, kubadili mazoea na mawazo juu ya usingizi, ndiyo matibabu ambayo chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri mwaka 2016 yatangulie vidonge.

Kaye ina kazi nyingine. Jioni, kabla ya mzunguko wa swichi, andika kwa dakika tano mambo ya kufanya kesho, moja moja. Deni la nani, simu ya nani, unga umebaki kiasi gani. Likishaandikwa halina haja ya kukuamsha.

Kelele zisizo zako

Sogeza kitanda mbali na ukuta wa barabara au wa baa, na kwenye ukuta huo simamisha kabati la nguo. Vizibo vya masikio vya sponji vinafaa kuliko pamba. Feni, umeme ukiwepo, inameza kelele ndogo. Usiku TP Mazembe, timu yetu ya mpira, wameshinda, usijisumbue, keti na wengine.

Kwa kanisa la jirani tulikwenda wazee watatu, siku ya kazi, mchana, bila hasira. Tuliomba spika zitazame ndani. Mchungaji alitukaribisha soda, akatusikiliza, akageuza mbili. Ya tatu bado inatazama dirisha langu, tunaendelea kuzungumza.

Kilio ni jambo jingine. Kikiwa kwenye barabara yako, turubai limefungwa na viti vimepangwa, kuziba masikio nyumbani ni kujitesa na ni aibu. Nenda, kaa nao, toa mchango, rudi saa 5 au 6, na asubuhi uamke saa yako ileile.

Vidonge, kukoroma, jinamizi

Diazepamu inauzwa kwetu kidonge kimoja kimoja kama pipi. Inalaza, ila mwili unaizoea upesi, wazee wanaanguka nayo usiku, na ikikutana na pombe inaweza kuzima pumzi. Aliyekwisha kuitumia miezi mingi asiiache ghafla. Daktari ataipunguza kidogo kidogo.

Anayekoroma sana, kisha ananyamaza kama amekata pumzi, kisha anashtuka kwa kishindo, na mchana anasinzia hata kwenye viti vya ibada, apelekwe hospitali. Aliye kando yake kitandani ndiye shahidi, asione haya kusema. Vivyo hivyo anayeamka mara nne kukojoa na kiu haimwishi, huenda ni sukari. Miguu isiyotulia jioni, hasa kwa mama mjamzito, huenda damu imepungukiwa madini ya chuma. Na anayeamka alfajiri kila siku na huzuni nzito isiyotoka, naye aende kwa daktari.

Kuna pia kile cha kuamka huwezi kusogeza mkono, kitu kimekukalia kifuani, unaona kivuli mlangoni. Wengi tunakimbilia kusema ni bulozi (uchawi). Unapoota, mwili unafungwa viungo ili usirukeruke na ndoto, na mara nyingine akili inaamka kabla mwili haujafunguliwa. Inapita kwa sekunde au dakika chache. Inawapata zaidi waliokosa usingizi na wanaolala chali. Jaribu kusogeza kidole kimoja cha mguu, pumua taratibu, kisha lala ubavu. Maombi hayakatazwi, ila usimtafute jirani wa kumtuhumu.

Ukikosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki, na miezi mitatu imepita, nenda kwa daktari na kaye yako mkononi. Wangu aliisoma ukurasa kwa ukurasa, akaniuliza habari za ule mpira wa bidoni, akaandika kitu pembeni kwenye karatasi yake mwenyewe.